Kikundi cha familia: ni subira au ni mkataba?

Baba Mdogo: Mwanangu, nimesikia unatafuta kazi tena, nami nauliza bila kulaumu: tatizo ni kazi au ni subira? Sisi tulipohitimu chuo kikuu tulipewa barua za ajira, tukathibitishwa baada ya muda wa majaribio, na wengi wetu tukabaki palepale hadi kustaafu.

Mimi: Shikamoo Baba Mdogo. Kazi hizo sikuziacha, mikataba ndiyo iliyokwisha. Mwajiri anayeridhika nami huona heri anipe mkataba mwingine wa mwaka mmoja kuliko kunithibitisha, maana mtumishi wa kudumu ana haki nyingi zaidi na kumwachisha kazi kuna gharama. Halafu ninapoomba kwingine naulizwa uzoefu wa miaka mingi mfululizo!

Dada: Wahitimu nao wameongezeka mno. Kwa takwimu za UNESCO, wanafunzi wa elimu ya juu duniani walikuwa takriban milioni 100 mwaka 2000, na kufikia 2020 walikaribia milioni 235. Enzi zenu shahada ilikuwa adimu, kwa hiyo mwajiri alimshikilia aliyempata.

Shangazi: Kaka, tusizipambe mno enzi zetu. Umesahau miaka ya 1980, serikali nyingi zilipobana ajira kwa masharti ya IMF na Benki ya Dunia, na wasomi wenzetu wakapunguzwa kazini? Tuliosalimika tulikuwa tumeingia mapema, basi. Hata Japani, iliyosifika kwa ajira ya maisha, uchumi wake ulipoyumba mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliohitimu wakati huo walikosa nafasi, na wengi hawakuzipata hata hali ilipotengemaa, kwa kuwa kampuni kubwa zilizoea kuajiri wahitimu wa mwaka husika.

Baba Mdogo: Marahaba mwanangu. Shangazi yenu amenikumbusha mengi. Lakini pensheni je?

Mimi: Hapo ndipo tofauti ilipo kubwa. Zamani mwajiri aliahidi pensheni iliyokokotolewa kwa mshahara na miaka ya utumishi. Siku hizi, katika nchi nyingi, mfanyakazi wa sekta binafsi huwekewa michango katika akaunti yake, na uwekezaji ukipata hasara, hasara hiyo ni yake.

Baba Mdogo: Basi mkataba ujao nitumie niusome kabla hujatia saini. Nitaanzia kwenye kifungu cha kuuvunja, kisha michango.

Mimi: Nitautuma mara tu nitakapoupata.