Kulipia kuruka foleni kwenye bustani za michezo: tupeane uzoefu

Mleta uzi, Kissimmee (Florida)

Wakuu, habari zenu. Likizo inakaribia na simu zimeanza kuingia kutoka Dar na Mwanza. Ndugu wanakuja, watoto wanataka Disney, na swali ni lile lile: "Kaka, tulipie ile njia ya haraka au tupange foleni kama wengine?" Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, nimeona tukusanye hapa uzoefu wa aliyewahi kulipia, aliyekataa, aliyefanya kazi huko, na aliyepitwa akiwa amesimama na mtoto mkononi.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: naona si haki, na naona hali inazidi kuwa mbaya.

Mwaka 1999 Disney walianzisha FastPass, pasi ya bure ya kupita njia ya haraka. Kilimanjaro Safaris pale Animal Kingdom, bustani yao moja hapa Florida, ilikuwa kati ya michezo ya mwanzo kuitumia. Ndiyo ile ya malori yanayopitisha watu katikati ya twiga na swala, jirani na kijiji cha Harambe kilichojengwa kwa kuiga sura ya Lamu. Unaingiza tiketi yako kwenye mashine, inakutolea kikaratasi chenye saa ya kurudi, unaenda zako kula, ukirudi unapita njia fupi. Hakukuwa na senti ya ziada. Aliyelala hoteli ya kifahari na aliyelala kwa binamu yake sebuleni wote walipata kikaratasi kile kile.

Corona ilipofunga bustani Machi 2020, utaratibu huo wa bure ukasimama na haukurudi tena. Oktoba 2021 ikaja Genie+, njia ya haraka ya kulipia, hapa Orlando dola 15 kwa kila kichwa kwa siku, juu ya kiingilio. Kisha bei ikaanza kupanda na kushuka kufuata tarehe. Mwaka 2024 ikaitwa Lightning Lane Multi Pass, na kabla mwaka haujaisha wakaongeza Premier Pass: wakati huo kati ya dola 129 na dola 449 kwa mtu mmoja kwa siku moja, kutegemea bustani na siku. Familia ya watu watano siku ya bei ya juu ilikuwa dola 2,245, na kiingilio bado.

Aliyelipa haongezewi treni wala behewa. Viti ni vile vile. Anapewa dakika za mtu mwingine, na huyo mwingine naye alilipa getini.

Karibuni. Semeni mlikuwa nchi gani na mlikuwa na nani. Bustani iliyokukera usiitaje jina, huu si uzi wa mashtaka.

Wa Eldoret, sasa Texas

Asante kwa kuleta hii mada. Nikiwa chuo nilifanya kazi ya msimu wa joto kwenye bustani moja hapa Marekani, na kituo changu kilikuwa pale njia mbili zinapokutana. Huku kushoto foleni ya kawaida, huku kulia waliolipia, katikati mimi na kamba.

Maagizo tuliyopewa yalikuwa rahisi: njia ya kulia isisimame. Ikianza kujaa, unafunga kamba ya kushoto mpaka kulia kupungue. Watu wengi hudhani ni mmoja huku, mmoja kule. Sivyo kabisa.

Chukueni mfano wa hesabu. Mchezo unabeba watu 1,200 kwa saa. Mbele yako wapo 600, kwa hiyo ungepanda baada ya nusu saa. Sasa njia ya kulia ilete watu 800 kila saa. Upande wenu umebaki na nafasi 400. Wale 600 watamalizika baada ya saa moja na nusu. Hakuna aliyekugusa wala aliyekuambia chochote, ila saa nzima imeshakwenda.

Wanaoumia zaidi ni walio karibu na kamba. Wa nyuma kabisa hawaoni kinachoendelea. Lakini wale ishirini wa mbele wananitazama usoni, na kila nikiinua mkono kuwazuia, mtoto aliyekuwa amekwisha kuvua kofia tayari kwa kupanda anaivaa tena. Hilo nililiona kila siku. Baba mmoja alinishika bega akaniuliza kwa upole, "Kijana, hawa wanatoka wapi?" Sikuwa na jibu ambalo kampuni iliniruhusu kulitoa.

Shosho wa Baadaye, Mkenya, Dubai

Mimi ni yaya. Mama bosi alinunulia watoto wake wawili bendi za mkononi za njia ya haraka, na mimi nikanunuliwa yangu kwa sababu wadogo hawaruhusiwi kupanda bila mtu mzima. Kwa hiyo mimi niliruka foleni zote, bila kutoa dirhamu hata moja.

Siku hiyo ilikuwa ya mapumziko na foleni ya kawaida ilikuwa imejaa watu wetu: Wafilipino, Wahindi, Waganda, Wakenya. Hawa ni watu wenye siku moja ya kupumzika kwa wiki, na wamechanga nauli ya teksi. Tulipokuwa tunapita nikasikia mtu anaongea Kiswahili, "Si huyu ni Mkenya? Anapitaje?" Nikageuka nikamsalimia, nikamwonyesha watoto. Akaelewa mara moja, akaniambia, "Enda dada, uko kazini." Alisema bila kinyongo na bado lile neno liliniuma.

Mwenye kupita ni mwenye pesa na anayemtumikia. Aliyebaki juani ni yule aliyejinyima mwezi mzima ili afike pale.

Baba Watatu, Minneapolis

Nitawapinga kidogo, mnivumilie. Mimi naendesha lori. Likizo yangu ni fupi, na kutoka Minnesota hadi Florida si karibu. Watoto wangu wataenda pale mara moja katika utoto wao, labda. Nililipia njia ya haraka siku moja tu, tukapanda kila walichokitaka, jioni mdogo akalala kwenye gari akiwa anatabasamu. Pesa ile ilikuwa ya jasho langu. Mbona kwenye ndege mtu wa daraja la juu anapanda kwanza na hakuna anayelalamika? Mbona hospitali binafsi nyumbani watu wanalipa zaidi na kuonwa mapema?

Na tusisahau: asiyetaka halazimishwi.

Mleta uzi

Baba Watatu, nashukuru umesema, maana uzi ungekuwa wa upande mmoja. Kwa mzazi wa aina yako sina neno hata kidogo, na watoto walistahili furaha ile. Ninachogombana nacho ni mfumo uliokuweka mahali ambapo bila kulipia ungeona umewanyima wanao.

Mfano wa ndege sidhani unasimama. Wa daraja la juu akipanda kwanza, sote tunafika wakati mmoja. Huku wewe ukipita, mwenzio anaweza kuondoka jioni hajapanda.

Hilo la kutolazimishwa nalo lina kasoro. Mwenye bustani ndiye anayeamua foleni ya bure iende kasi gani, na ndiye anayeuza dawa ya foleni hiyo. Akiongeza wafanyakazi na treni foleni ikawa fupi, nani atanunua? Hapo ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko bei yenyewe.

Mtoto wa Pangani Road, Nairobi

Sisi tushazoea. Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, ilipofunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, mwenye pesa akapanda juu, sisi tukabaki chini Mombasa Road tukitazama nguzo. Lakini angalau ile barabara ilijengwa mpya. Huko kwenu wanauza ile ile ya zamani.

Bi Mkubwa, Maskati

Assalaam alaykum. Sisi kila Idi huchukua gari tukavuka mpaka kwenda Imarati, mimi na wanangu na wajukuu. Ferrari World pale Abu Dhabi ndiyo wanayoipenda vijana, kwa ile Formula Rossa inayokwenda kilomita 240 kwa saa, na pia kwa kuwa ni ya ndani, ina baridi.

La kuwaambia ni hili. Idi moja tulikwenda bustani nyengine, ya nje, siitaji. Wanangu wawili wana uwezo, wakawanunulia watoto wao njia ya haraka. Wa tatu hana uwezo huo, na ni mwenye haya, hakusema. Basi wajukuu zangu wakagawika makundi mawili mbele ya macho yangu. Wale wanarudi wanapiga kelele, "Bibi, tumepanda mara tatu!" Hawa bado wamesimama, hata mara moja hawajapanda. Watoto wa damu moja, jamani, wametoka gari moja, wamekula sahani moja asubuhi.

Niliwaita wote nikawaambia: ama wote au hakuna. Tangu hapo ni sharti langu, na vijana wanaliheshimu. Pesa zikitosha kwa wote tunanunua, zisipotosha tunakaa foleni pamoja na tende zetu na chupa ya maji. Wallahi ile foleni ya pamoja ndiyo wanayoisimulia mpaka leo.

Mama wa Usonji, Birmingham (Uingereza)

Mwanangu ana usonji (autism). Foleni iliyozungushiwa vyuma, watu wakimgusa mbele na nyuma, hawezi. Bustani kubwa hapa Uingereza zina utaratibu wa watu wenye mahitaji maalumu. Pale Alton Towers, kwa mfano, ukishapanda mchezo mmoja unaandikiwa muda unaolingana na foleni ya mchezo huo, na hupandi mwingine mpaka muda uishe. Kwa hiyo mwanangu anasubiri sawa na wenzake, ila anasubiri kwenye nyasi akiwa na vipokea sauti vyake masikioni. Sijaruka mtu.

Tabu niliipata kwenye bustani nyingine, ambako mlango wetu na mlango wa waliolipia ni mmoja. Palikuwa pamejaa kuliko foleni ya kawaida. Mwanangu akaanza kujipiga kichwani. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti, "Sisi tumelipia, wao wamepewa bure." Nilimtoa mtoto, tukarudi nyumbani bila kupanda kitu.

Penye biashara ya foleni, hata huruma hugeuka bidhaa. Mwaka 2013 magazeti ya New York yaliandika kwamba matajiri wanakodi watu wenye ulemavu wawasindikize watoto wao Disney ili wapite mbele. Mwaka huo huo Disney wakabadilisha utaratibu wa kadi za wenye ulemavu, na 2024 wakaubana tena. Waliotumia ujanja walitafuta njia nyingine. Sisi ndio tuliobaki kuhojiwa kama mtoto kweli ana shida.

Kaka wa Lille, Mrundi

Disneyland Paris walianza Premier Access, njia yao ya haraka ya kulipia, 2021, wakati huo euro 8 hadi 15 kwa mchezo mmoja, kwa mtu mmoja. Sisi nyumbani ni sita. Nilipiga hesabu ya mchezo mmoja tu nikaifunga simu. Tulienda katikati ya wiki mwezi wa pili, kukiwa na baridi kali na mvua, na foleni zilikuwa za kuvumilika. Hiyo ndiyo njia yetu.

Msasani Boy, Dar

Nilipokuwa mdogo tukienda Kunduchi Wet 'n' Wild, bustani ya michezo ya maji, ngazi ya kupandia ilikuwa moja. Mtoto wa waziri na sisi tuliokuja na daladala tulisimama na nguo zinachuruzika maji, tunasukumana, tunafahamiana. Marafiki wengine niliwapata pale ngazini. Naomba wasije wakaileta hiyo biashara huku.

Swali: kuna namna ya halali ya kupunguza kusubiri bila kulipa?

Mleta uzi

Ipo mkuu, na ningependa kila anayesafiri aijue.

Wenye watoto wadogo: msipange foleni mara mbili. Mwambieni mfanyakazi wa mlangoni kwamba mtapokezana mtoto. Mzazi mmoja anapanga foleni na kupanda, mwingine anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila wa pili kuanza upya. Disney na Universal, kampuni nyingine ya bustani, wote wanaruhusu, na ni bure. Ndugu wengi hawajui, nimewakuta wakipanga mara mbili na mtoto analia.

Wakubwa waliokubali kukaa mbalimbali waulize njia ya mpandaji mmoja. Hao hujaza viti vinavyobaki vitupu, hawamnyang'anyi mtu nafasi. Fikeni kabla geti halijafunguliwa. Na mchezo mnaoupenda zaidi uacheni wa mwisho: Disney, ukiwa umeingia foleni kabla ya saa ya kufunga, wanakupandisha.

Niongeze kwamba si kila malipo ni sawa machoni pangu. Mwaka 2001 Six Flags, kampuni nyingine ya bustani za Marekani, walianza na kifaa cha kampuni ya Kiingereza ya Lo-Q kinachokushikia nafasi. Unasubiri muda ule ule, ila umekaa. Mtu akilipia kukaa kivulini, sina ugomvi naye. Lakini wakaja na daraja la Gold lililopunguza muda wa kusubiri kwa hadi nusu, na Platinum kwa hadi asilimia 90. Hapo ndipo unapoanza kumpita mwenzio, na ndipo mimi ninaposema hapana. Ndugu zangu wa mwaka huu nimeshawaambia hivyo, na watoto nimewaeleza sababu.

Mama wa Usonji, Birmingham

Wa Eldoret, kabla hujapotea: mchezo ukiharibika katikati, ilikuwaje?

Wa Eldoret, sasa Texas

Upande wa kulia tulikuwa tunawaambia haki yao haijapotea, warudi muda wowote siku hiyo, au waitumie kwenye mchezo mwingine. Upande wa kushoto tangazo lilikuwa moja: subirini au ondokeni. Wakiondoka na mchezo ukapona baada ya dakika kumi, wanaanza nyuma kabisa. Na ukipona, wa kwanza kufunguliwa kamba walikuwa ni wale wa kulia waliorudi.