Rafiki wa imani akiondoka, watoto wake wanabaki na nini?

Swali, kutoka Goma

Bwana Yesu asifiwe, ndugu wapendwa. Rafiki yangu wa miaka mingi, seremala na shemasi wa kanisa letu hapa Majengo, ameitwa na Bwana baada ya kuugua kwa muda mrefu, na sasa familia inajitayarisha kumaliza matanga. Kamati imekwisha kukubaliana juu ya vitenge vyenye picha yake, chakula na hotuba. Sina neno juu ya hayo, kwa kuwa marehemu anastahili heshima.

Linalonikosesha usingizi ni jingine. Mzee huyu alikuwa na kaye (daftari) ya shule, yenye jalada la bluu lililochakaa, ambamo aliandika majina ya watu aliowaombea, na pembeni ya kila jina haja ya mtu huyo: karo, mimba, kazi iliyopotea. Hakuishia kwenye maombi. Nilimwona akiuza kabati la nyumbani kwake ili mtoto wa jirani asifukuzwe shuleni, na volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 aliwatengenezea milango watu wa Buhene waliounguliwa na nyumba, akipokea bei ya mbao tu.

Mwanawe mkubwa anafanya kazi Lubumbashi, na haendi tena kanisani. Mdogo yuko sekondari, naye ameniuliza kwa nini Mungu hakumponya baba yake. Je, sisi marafiki tuna wajibu gani juu ya imani ya watoto hawa, au hiyo ni kazi ya mama yao na mchungaji?

Jibu la kwanza, kutoka Bukavu

Ndugu mpendwa, pole sana. Mimi ninafundisha shule ya Jumapili hapa Kadutu, na kwa maoni yangu wajibu huo mnao kabisa. Sisi hupenda kusoma 2 Timotheo 1:5, pale Paulo anapotaja imani iliyokaa kwanza katika nyanya yake Timotheo, Loisi, kisha katika mama yake, Eunike, na tunahubiri juu ya familia. Lakini aliyeandika maneno hayo hakuwa ndugu wa damu. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, na ni Paulo aliyemchukua kijana huyo safarini, akafanya kazi naye, akamwita mwanawe. Basi mchukue huyo wa sekondari aende nawe unapowatembelea wagonjwa, kwa sababu mtoto aliyesikia habari za wema wa baba yake bila kushiriki wema wenyewe huzisahau upesi.

Tena msidai imani hiyo ichukue sura ileile. Daktari Denis Mukwege wa hapa kwetu ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Alipokuwa mdogo alifuatana na baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa, akamwuliza kwa nini hampi dawa, na baba akamjibu kwamba yeye si daktari. Hakukemewa kwa swali lile. Ndilo lililomfikisha kwenye utabibu, na baadaye kwenye hospitali ya Panzi, aliyoianzisha mwaka 1999. Huenda mtoto wa rafiki yako hatakuwa shemasi wala hatashika randa, na bado akawa amepokea kila kitu.

Jibu la pili, kutoka Lubumbashi

Mimi ni mjane, ninaishi Katuba. Ninaomba msiwaharakishe hao vijana. Baba yao alipofariki, watoto wangu walichoshwa na wazee waliowaambia kila siku, «Uwe kama baba yako», hata mmoja akaanza kukimbia wageni wa kanisa. Mtoto anayeuliza kwa nini Mungu hakuponya bado anazungumza na Mungu. Msomee Zaburi ya 13, inayoanza kwa kuuliza, «Ee Bwana, hata lini?», kisha ukae naye bila kujitafutia jibu la haraka. Umwambie pia siku ambazo baba yake mwenyewe alishindwa kuomba, kama unazijua, kwa sababu baba asiye na udhaifu hawezi kufuatwa na mtu yeyote.

Kuhusu huyo mkubwa, kama atakubali, nitafurahi kumkaribisha nyumbani ale bukari pamoja nasi. Sitamhubiria.

Jibu la tatu, kutoka Goma

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki wa hapa Goma, na ninawaza juu ya Floribert Bwana Chui, kijana wa mji wetu aliyeuawa Julai 2007 akiwa na umri wa miaka 26, kwa kuwa alikataa hongo ya kupitisha vyakula vilivyoharibika. Alitangazwa mwenye heri Roma tarehe 15 Juni 2025. Katika miaka hiyo yote, wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio hawakuacha kusimulia habari zake, huku wakiendelea kuwahudumia watoto wa mitaani, maibobo, ambao yeye mwenyewe aliwapeleka shuleni. Masimulizi na kazi vilikwenda pamoja.

Lakini ninyi mna jambo la kuangalia: kaye hiyo ina siri za watu walio hai. Tafadhali isisomwe hadharani siku ya matanga, hata kama nia ni njema. Mama yao ndiye aitunze, na ninyi marafiki mgawane majina ambayo yeye atakubali kuwapa.

Mwuliza swali

Asanteni sana. Nimezungumza na mama, naye amesema kaye haitasomwa. Atatupatia majina ya wale watakaoridhia, na kijana wa sekondari amekubali kwenda nami Jumamosi kwa mgonjwa mmoja wa Ndosho. Swali lake bado analo, nami sijalijibu. Mama wa Katuba, kaka yake nimemwandikia. Nitakupa namba yake ya simu akiniruhusu.