Akina baba jumuiyani wamekwenda wapi?

Katibu_Ipogolo:
Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wazee wangu. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogondogo ya Kikatoliki hapa Ipogolo, Iringa. Tunasali Jumamosi saa 12 asubuhi, nyumba kwa nyumba. Juzi tulikuwa watu kumi na wanane, na baba mmoja tu, mwenye nyumba. Marehemu bibi yangu alibatizwa misheni ya Tosamaganga, na alikuwa akinisimulia kwamba wanaume walijaza upande wao wote kanisani. Kimebadilika nini? Naumia, maana nina watoto wawili wa kiume.

Mzee wa Kalenga:
Milele amina, mjukuu wangu. Marahaba. Nilitumikia altareni Tosamaganga nikiwa mtoto, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), ule mkutano mkuu wa maaskofu ulioruhusu Misa kwa lugha zetu. Mapadre wa Konsolata, wamisionari kutoka Italia walioingia Iringa mwaka 1919, walisali Misa kwa Kilatini wakitupa mgongo. Sisi tuliitikia "Et cum spiritu tuo" tukiwa tumekariri tu, maana yake hatukuijua. Kiswahili kilipoingia altareni, na ngoma nayo, mama yangu alilia.

Ni kweli, wanaume walijaa. Lakini nyumbani kwetu rozari ya jioni aliiongoza mama. Baba sikumsikia hata siku moja. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki Afrika Mashariki, walipokazania jumuiya ndogondogo mwaka 1976, sala ilihamia majumbani, na huko akina mama ndio walikuwa wakisali tangu zamani. Mwanaume alikuwa na benchi lake kanisani, sebuleni hana. Nadhani hawakuondoka, mjukuu wangu. Hawakuwahi kufika.

Dalali_Uyole:
Mimi ni mmoja wa hao akina baba. Jumamosi saa 12 nakuwa juu ya lori napakia viazi, Mbeya huku. Niliwahi kujitahidi nikafika. Kabla sijaulizwa hali ya mke wangu aliyekuwa amelazwa, nikasomewa deni la michango mbele ya watu. Sikurudi. Misa siachi, ila jumuiyani moyo ulivunjika.

Katibu_Ipogolo:
Pole sana kaka yangu. Daftari la michango nalishika mimi, na mimi pia huyasoma majina kwa sauti. Jumamosi hii sitayasoma. Babu, naomba uniambie: hizo jioni za rozari, baba yako alikuwa anakaa wapi?

Mzee wa Kalenga:
Nje, kwenye kigoda, karibu na mlango. Alikuwa akisikia kila neno. Hakuna aliyemwita.