Naomba ushauri: bariamu imepanda hadi kwenye kituo cha rejea

Wanajamvi, habari za kazi? Naombeni msaada, nimekwama.

Nafuatilia mashapo ya sakafu ya bahari kuzunguka kisima cha utafutaji mafuta. Tulichota sampuli kabla ya kuchoronga, na tena kazi ilipokwisha: mita 250, 500, 1000 na 2000 kufuata mkondo, pamoja na kituo cha rejea (cha kulinganishia, tusichotarajia kiguswe na uchorongaji) mbali zaidi, upande mkondo unakotoka. Karibu na kisima bariamu imepanda sana. Hilo nililitarajia, maana tope la kuchorongea hutiwa baraiti, madini yenye bariamu, ili liwe zito. Kinachonisumbua ni kwamba hata kituo cha rejea kimepanda, ilhali haidrokaboni (kemikali za mafuta) pale hazijabadilika.

Maabara wamerudia vipimo, majibu ni yaleyale. Nikarudi kwenye picha za sampuli: safari ya kwanza pale rejea tulipata mchanga mweupe, safari hii tope laini la kijivu linalonata kwenye kijiko. (Siku hiyo bahari ilichafuka, huenda chombo kilisogea.)

Je, nigawanye bariamu kwa alumini, ambayo huwa nyingi zaidi kwenye tope laini kuliko kwenye mchanga, ndipo nilinganishe, au kituo hicho nikitupe kabisa? Na nikikitupa, vituo vya mita 2000 vinaweza kushika nafasi yake?