Ngome ya Patiko: tuwaeleze nini wanafunzi wetu?

Mwalimu wa Historia, Masindi

Habari zenu ndugu. Shule yetu imekusudia kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Patiko, kaskazini mwa Gulu hapa Uganda, wakaione ngome ya Mwingereza Samuel Baker. Vitabu tunavyofundishia husema kwa kifupi kwamba Baker aliiimarisha ngome hiyo mwaka 1872 ili kukomesha biashara ya watumwa, kisha hupita. Hapa Bunyoro tunamkumbuka kwa jambo jingine: mwaka huohuo alitangaza mjini Masindi kwamba nchi yetu ni mali ya Misri, akapigana na Omukama (mfalme) wetu Kabalega, akauchoma mji, kisha akarudi nyuma kuelekea kaskazini. Wanafunzi wangu huuliza mtu mmoja anawezaje kuitwa mkombozi ng'ambo ya Nile na mvamizi upande huu. Kwa mliofika, ni kitu gani hasa kinachoonekana pale, na mnawaelezaje vijana bila kuficha lolote?

Mkazi wa Gulu

Mwalimu, karibu Acholi. Ningeanza kwa kuwaambia kwamba habari za mahali pale zilianza kabla ya Baker. Wafanyabiashara kutoka Khartoum walikuwa wamekwisha kuweka kituo Patiko, wakinunua pembe za ndovu, wakijiingiza katika ugomvi wa koo kwa koo ili wapate mateka na ng'ombe, na kuwatwisha mateka hao pembe kuelekea kaskazini. Miamba mikubwa iliyopo iliwafaa kwa sababu mtu akisimama juu yake huona nchi tambarare hadi mbali, na kwa sababu hiyohiyo ilimfaa Baker. Alikuwa ameajiriwa na Khedive Ismail, mtawala wa Misri, tangu 1869, kwa mshahara wa pauni 10,000 kwa mwaka, na kazi yake ilikuwa na pande mbili zisizotenganishwa: kuzuia biashara ya watumwa, na kuiongeza nchi hii kwenye milki ya Misri. Mkiwaeleza wanafunzi pande hizo mbili kwa pamoja, swali lao litakuwa limepata msingi. Agosti 1872 watu wa mfanyabiashara Abu Saud walimshambulia papo hapo Patiko, akawashinda, na ndipo ngome ikaimarishwa.

Kinachoonekana leo ni kuta za mawe za maghala zisizo na paa, handaki lililoizunguka ngome, na miamba yenyewe pamoja na mapango ambamo, kwa simulizi za wenyeji, mateka walifungiwa. Waacheni wakae hapo kwa muda, wala msiwaharakishe. Ninakuomba pia ukumbuke, mwalimu, kwamba katika wilaya zetu ziko familia ambazo watoto wao walitekwa wakati wa vita vya juzi vya waasi wa Joseph Kony, kwa hiyo habari ya mateka kufungwa na kutembezwa kwa miguu si ya zamani tu kwa anayeisimulia. Mwongozaji wenu akinyamaza, msimsukume.

Jambo moja ambalo vitabu vyetu havilitaji, nami huliona kubwa: Florence, mke wa Baker, alikuwa naye Patiko, na yeye mwenyewe alitolewa katika soko la watumwa huko Vidin, penye mto Danube, Ulaya, mwaka 1859.

Dereva wa Gulu

Nendeni wakati wa kiangazi na mwondoke mjini asubuhi, kwa maana barabara ni ya marram, yaani udongo mwekundu, na mvua ikinyesha basi kubwa litawasumbua. Wachukue maji ya kutosha na viatu visivyoteleza.

Mzee wa Bombo

Mwalimu, salamu aleikum. Naomba wanajeshi wa ngome hizo wasisahauliwe. Wengi walikuwa Wasudani, na miongoni mwao wamo waliokuwa watumwa kabla ya kuvishwa sare. Baada ya Baker, Mwingereza Gordon aliendesha jimbo la Ikweta, yaani nchi hizi za Nile ya juu zilizodaiwa na Misri, kisha Emin Pasha, daktari Mjerumani, tangu 1878. Khartoum ilipoanguka mwaka 1885 mikononi mwa Mahdi, kiongozi wa dini aliyeasi utawala wa Misri huko Sudani, ngome za kusini zikabaki peke yake, na Emin alipoondoka mwaka 1889 na msafiri Stanley aliyekuja kumwokoa, wanajeshi wengi waliachwa nyuma chini ya ofisa wao Selim Bey, magharibi ya Ziwa Albert. Lugard, ofisa wa kampuni ya Waingereza, akawakuta huko Kavalli mwaka 1891, akawaleta pamoja na wake, watoto na watumishi wao, maelfu ya watu, na kuwagawa katika ngome za mpaka wa Toro na Bunyoro. Sisi Wanubi wa Uganda ni wazao wao. Kwa hiyo ngome zilizowabana watu wa Kabalega zililindwa na babu zetu, nasi hatulikani jambo hilo. Lakini wasimulieni pia maasi ya 1897, ambapo wanajeshi haohao, wakiwa wamechoka kwa safari zisizokwisha na mshahara mdogo, waliwageuzia bunduki maofisa wao. Shule ikiweza, safari ijayo nendeni Dufile kwenye Nile, ambako maboma ya udongo bado yapo na ambako wanajeshi wa Emin walipigana na jeshi la Mahdi mwaka 1888.