Antoine Davis: pointi 3,664, lakini NBA ana nafasi?

Mtupo Mrefu (mleta mada): Wakuu, salaam. Alfajiri ya leo, Machi 3, 2023, timu ya kikapu ya chuo cha Detroit Mercy imefungwa 71–66 na Youngstown State, robo fainali ya Horizon League, na mchezaji wao Antoine Davis amebaki na pointi 3,664 za miaka yake yote ya chuo. Pete Maravich, mwenye rekodi ya vyuo kwa wanaume, ana 3,667. Tatu tu! Yaani mtupo mmoja wa mbali, kwa kijana aliyetia mitupo ya pointi tatu 588, mingi kuliko yeyote katika historia ya daraja la kwanza la vyuo Marekani. Msimu huu anaongoza vyuo vyote kwa wastani wa pointi 28 na ushee. Sasa tuache rekodi. Nauliza: NBA, ligi kuu ya kulipwa Marekani, kuna nafasi yake? Mimi nasema ipo.

Baba Naila: Umesahau kuandika kwamba kwenye mechi hiyo alitupa mara 26 zikaingia 7. Mimi nikitupa mara 26 upepo peke yake utaniingizia mbili.

Mtupo Mrefu: Wewe ukitupa mara 26 utaitiwa gari la wagonjwa, mzee. Tujadili mchezaji.

Dada Refa: Haya, tumjadili. Miguu yake haitulii. Anatoka skrini hii (mwenzake akisimama kumzibia mkabaji) anaingia ile, na mpira ukimfika mabega yameshaelekea ringi. Hicho kitu mtu mzima humfundishi. Ila ana futi 6 na inchi 1, mwembamba, miaka 24 tayari. Kule wakijua hukabi, watakuitia skrini kila shambulizi mpaka ubaki na jitu la futi 6 na inchi 8, halafu likugeuzie mgongo likusukume hadi chini ya ringi. Kocha atakuficha wapi? Na kingine: Detroit mpira wote ni wake. NBA atapewa dakika nane asimame kwenye kona asubiri pasi. Kusubiri anakujua?

Mwana wa Tudor: Atakujulia wapi na kocha ni babake? Mike Davis ndiye kocha, jamani. Kijana akikosa mara kumi na tisa nani wa kumtoa? Atakula wapi jioni?

Mtupo Mrefu: Maravich naye kocha wake chuoni LSU alikuwa babake. Mbona yeye hamumsemi?

Mwana wa Tudor: Maravich alicheza mechi kama sabini, wastani pointi 44, na mstari wa pointi tatu haukuwapo. Huyu wako amekaa chuo misimu mitano kama anasomea udaktari.

Mbongo Ohio: 83, si sabini. Misimu mitatu, maana enzi hizo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa ya chuo. Davis amecheza 144, na huu msimu wa tano ni ile nyongeza ya korona. Ila mzee Mike msimfanye kocha wa mchangani, aliifikisha Indiana fainali ya taifa mwaka 2002.

Baba Naila: Kwa hiyo korona imempa mwaka mzima wa bure na bado zimepungua tatu. Kuna watu hawana bahati, na kuna huyu.

Mtupo Mrefu: Huna hoja ya mpira hata moja tangu asubuhi. Kuna mtu humu amemtazama akicheza dakika arobaini, au wote mmesoma matokeo tu?

Dada Refa: Nimemtazama, ndiyo maana nimeandika nilichoandika, na hukunijibu. Nikuongezee mfano. Drafti ya 2011, usiku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, Jimmer Fredette ametoka chuo cha BYU kinara wa pointi, 28.9. Akachaguliwa wa 10, akaishia Sacramento. Usiku uleule Sacramento wakamchukua Isaiah Thomas, futi 5 na inchi 9, wa 60, yaani wa mwisho kabisa. Jimmer NBA ikamshinda, akaenda Shanghai akawa mfalme. Isaiah akafika wastani wa 28.9 akiwa Boston. Nani angekwambia usiku ule? Isaiah alikuwa anaingia katikati ya miti anagongwa na bado anamaliza. Jimmer alihitaji nafasi ya kutupa. Davis namwona upande wa Jimmer.

Kwetu Mbagala: Dada, hayo yote ni maneno. NBA wanaangalia urefu, basi. Wangekuwa wanaangalia kikapu, drafti ya 2009 Hasheem Thabeet wetu asingeitwa wa pili, Harden wa tatu, Curry wa saba. Na Curry ndiye aliyekuwa kinara wa pointi vyuoni mwaka ule, 28 na ushee hivihivi. Mrefu kaitwa, mfupi kasubirishwa, matokeo tunayajua.

Baba Naila: Ahaa. Nilijua tutafika tu. Watanzania tuna ugonjwa. Mtu mmoja ametutoa, MMOJA, na kila mada ya kikapu lazima arushiwe jiwe. Wewe ulichaguliwa wa ngapi, na wapi?

Kwetu Mbagala: Nilichaguliwa monita darasa la tano. Mzee punguza povu, nimetaja drafti tu.

Mwana wa Tudor: Mkweli husemwa vibaya. Sisi huku Mombasa pia tulimshangilia, lakini tulimwona DeJuan Blair wa Pittsburgh, futi 6 na inchi 7, akimpindua begani kama gunia la mkaa.

Baba Naila: Mkenya, na huyo Blair aliitwa wa ngapi? Wa 37! Na tuzo ya mchezaji bora wa Big East, ligi ya vyuo vyao, mwaka ule waligawana na Hasheem. Hilo halikufika Mombasa?

Mwana wa Tudor: Lilifika kwa jahazi. Tuzo ya chuo haichezi NBA, ndicho tunachomwambia huyu wa Davis tangu asubuhi.

Mbongo Ohio: Jamani, kuna habari wanatafutiwa mwaliko wa CBI, yale mashindano ambayo timu hulipia kushiriki, ili kijana apate mechi moja zaidi. Timu imefungwa mara 19 msimu huu. Mnaonaje hilo?

Kwetu Mbagala: Tunaona Baba Naila hajanijibu kuhusu Harden.

Dada Refa: Mbongo, wasimwalike. Wakimwalika kwa ajili ya pointi tatu, kila atakayezitaja atacheka kwanza. Na hiyo mechi atatupa mara arobaini.

Mtupo Mrefu: Naomba turudi kwenye mada. Davis anaweza kuanzia ligi ya chini ya NBA, au Ulaya kama Markus Howard wa Marquette, naye alikuwa kinara wa pointi na hakuitwa na yeyote. VanVleet hakuitwa, ana urefu uleule, na mwaka 2022 alikuwa All-Star, mechi ya nyota wa NBA.

Mwana wa Tudor: VanVleet anakaba.

Kwetu Mbagala: Hasheem pia alikuwa anakaba 😂

Mtupo Mrefu: Sasa hapo ndugu yangu umekosea, na sikutaka kuingia. Hasheem chuo alikuwa anazuia mitupo zaidi ya minne kila mechi, chuo chake UConn kikafika nne bora ya taifa 2009. Memphis ya NBA walimchukua wakati nafasi yake tayari ana Marc Gasol. Msimu wa kwanza tu wakampeleka ligi ndogo. Mtu aliyeanza kikapu akiwa mkubwa, unamweka benchi nyuma ya Gasol, ajifunzie wapi? Na Blair hakumbeba begani, mikono yao ilinasana. Irudieni ile video polepole.