Mama anafungwa vyuma mgongoni: keji ya kawaida au ile inayotanuka? Naombeni ushauri wa haraka

Mwana_wa_Mabawa:
Habari za usiku wakuu. Naandika nikiwa Tanga, mama yupo chumba cha pili, na kila akijigeuza kitandani namsikia. Ana miaka 66. Mgongo unamsumbua mwaka wa tatu huu, sasa maumivu yanashuka kutoka kalio la kulia mpaka kwenye ugoko. Zamani alikuwa anatoka hapa Mabawa mpaka sokoni Mgandini na kurudi bila kupumzika. Siku hizi anakaa mara tatu njiani kwenye vibaraza vya watu. Cha ajabu, akiwa na baiskeli ya marehemu baba anafika moja kwa moja. Hapandi, anaisukuma tu huku ameiinamia. Swala anasali kwenye kiti.

MRI tulipiga Dar. Daktari anasema pingili ya nne ya kiuno imeteleza mbele juu ya ile ya tano, na njia ya mishipa ya fahamu imebanwa. Anataka atoe diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, aweke keji, yaani kijifaa cha kushika nafasi hiyo, katikati, kisha azifunge hizo pingili kwa skrubu na vyuma mpaka ziungane ziwe kitu kimoja. Keji zipo za aina mbili. Ya kawaida ina kimo chake, haibadiliki. Ya pili inaingizwa ikiwa fupi, ikishafika ndani anaizungusha kwa bisibisi maalumu, inapanda mpaka kimo anachotaka. Tofauti ya bei unanunua bodaboda mpya na chenji inabaki.

Mimi nataka hiyo inayotanuka. Tarehe ni wiki tatu zijazo. Swali langu ni moja tu: kuna mtu ambaye mzazi wake aliwekewa? Anaendeleaje?

Raha_Tupu:
Nimeona keji nikajua mkuu anafuga kuku wa mayai. Pole sana, Mungu amponye bi mkubwa.

Mzee_wa_Handeni:
Mwanangu, kisu cha mgongo kiwe cha mwisho kabisa. Mimi nilikata mkonge miaka kumi na moja. Unakata, unafunga matita, unabeba begani mpaka kwenye reli, na mwiba wa ncha ukikuchoma jicho ndiyo basi tena. Mgongo ukafa mwaka 1984, nikawa nakwenda chooni kwa magoti. Alikuja mama mmoja wa Kisambaa akanikanda kwa mafuta ya nyonyo na majani nisiyoyajua, siku ishirini na moja, nikasimama. Mpaka leo nalima mahindi yangu. Wakati ule mashamba yalikuwa mashamba kweli, ukisimama kilimani unaona mistari ya mkonge mpaka macho yachoke. Mtafutie mkandaji.

Binti_Pangani:
Mzee shikamoo, ila mgongo wa kubeba matita na pingili iliyoteleza si ugonjwa mmoja.

Kaka, baba yangu alifanyiwa Moshi, akawekewa ya kawaida. Miezi mitatu ya kwanza tulijuta nyumba nzima. Kumgeuza watu wawili, analia kama mtoto. Mwezi wa tisa akarudi kwenye ngalawa, nyavu vijana ndio wanamvutia. Lakini nakumbuka swali la kwanza la daktari lilikuwa sigara, kwa sababu mvutaji mfupa wake hauungi vizuri. La pili dawa anazotumia, la tatu kama amewahi kuvunjika. Mama yako anatumia dawa gani?

Mwana_wa_Mabawa:
Asante dada. Anatumia dawa za kawaida tu za maumivu. Sigara hajawahi. Turudi kwenye keji tafadhali, muda wangu ni mdogo na nimeshatanguliza malipo.

Jeki_na_Spana:
Mgongo siujui ila jeki naijua, nimeendesha lori miaka mingi barabara ya Segera. Hicho kifaa ulivyokieleza ni jeki. Pancha ikikukuta kwenye lami, jeki inainua gari. Ikikukuta kwenye mchanga, ukapiga jeki bila kuweka ubao chini, gari halipandi hata kidogo, jeki ndiyo inazama. Na kadiri unavyopampu ndivyo unavyoichimbia. Sasa wewe unatuuliza jeki gani ni nzuri. Mimi nakuuliza bi mkubwa chini kuna lami au kuna mchanga?

Nesi_Mstaafu:
Fundi, umelisema vizuri kuliko sisi tuliosomea. Nimesimama chumba cha upasuaji wa mifupa miaka kumi na tisa, na hilo ndilo swali.

Mwana_wa_Mabawa, "dawa za kawaida" zina majina. Na Binti Pangani alikuuliza kuhusu kuvunjika, hukujibu.

Mwana_wa_Mabawa:
Sikutaka kuliingiza hili kwa sababu watu watadandia hapo na swali langu litapotea. Ila sawa.

Mama anakunywa vile vidonge vyeupe vidogo, prednisoloni. Mwaka wa nne sasa. Alianza kwa ajili ya maumivu ya viungo, jirani alimwelekeza, tunanunua dukani bila cheti. Vilimpa nafuu kubwa, alirudi kupika vitumbua vyake vya asubuhi. Mwaka jana aliteleza uani akavunjika kifundo cha mkono. Hakuanguka kutoka juu, aliteleza tu na ndoo nusu.

Na kabla ya daktari huyu tulianzia kwa mwingine. Huyo alipousikia mkono na vidonge akasema hafungi mgongo huo mpaka mfupa upimwe, na kama ni dhaifu utibiwe kwanza miezi kadhaa. Miezi kadhaa! Mama analia usiku. Nikatafuta daktari wa pili, sikumwambia habari za wa kwanza. Mkono ulishapona hauonekani, na vidonge hakuniuliza kwa jina.

Najua mnavyoniona. Lakini baba alifia kwenye "subirini kwanza", mimi nikiwa safarini. Siwezi kusubiri tena. Nikafikiri kama mfupa ni dhaifu, basi ndiyo sababu ya kuchukua kifaa cha gharama kubwa, kimsaidie.

Binti_Pangani:
Ya Rabi.

Nesi_Mstaafu:
Sikugombezi. Watu wengi huficha vidonge hivyo, na mara nyingi ni kwa mapenzi kama yako. Ila soma hapa taratibu.

Usimwachishe ghafla. Tafadhali, usiku huu usije ukavitupa kwa hofu. Mwili uliozoea prednisoloni miaka minne unaweza kuwa umeacha kujitengenezea homoni yake ya namna hiyo. Akikatishwa kwa pupa, au akilazwa mezani na mtaalamu wa usingizi hajui, presha inaweza kuporomoka ikakataa kupanda. Watu wamekufa hivyo. Kupunguzwa kupo, ila kwa ratiba ya daktari.

Sasa mfupa. Keji inakaa kati ya sahani mbili nyembamba za mfupa, moja ya pingili ya juu, moja ya chini. Faida ya ile inayotanuka ipo, simnyimi aliyeibuni haki yake: inaingia ikiwa fupi, mlango unakuwa mdogo, mshipa unasogezwa kidogo, na haigongwi kwa nyundo kama ile yenye kimo kamili. Lakini ikishaingia inasukuma juu na chini. Mfupa mgumu unahimili. Mfupa wa mama aliyekwisha ukomo wa hedhi, akaongeza miaka minne ya vidonge hivyo vinavyodhoofisha mfupa, akavunjika mkono kwa kuteleza tu, ndani yake unaweza kuwa na matundu kama mkate wa kumimina. Bisibisi ikizidi mzunguko, sahani inapasuka na keji inazama. Kimo ulichokilipia kinapotea na mshipa unabanwa upya. Hata ya kawaida huzama kwenye mfupa wa namna hiyo, na skrubu nazo hulegea. Kwa hiyo gharama haifidii udhaifu wa mfupa, ndugu yangu. Hapo umeigeuza.

Halafu kinachounga si chuma. Kinachounga ni mfupa unaopandikizwa ndani na kandokando ya keji, na huchukua kati ya miezi sita na mwaka kushikana. Keji ni zile mbao za kushikilia zege mpaka likauke. Zinazotanuka nyingi zina mtambo ndani, nafasi ya kupandikiza mfupa inakuwa ndogo. Na tafiti zilizolinganisha aina hizi mbili hazijaonyesha kwa uthabiti kwamba mwenye inayotanuka anabaki na maumivu machache kuliko mwenzake.

Muulize daktari jambo moja zaidi: je, lazima aungwe? Kuna kufungua tu njia ya mishipa bila keji wala skrubu. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2021, wagonjwa 267 wenye tatizo la kuteleza kama la mama yako, walioachwa bila kuungwa hawakuwa nyuma ya walioungwa baada ya miaka miwili. Wa Sweden wa mwaka 2016 ulielekea hukohuko. Wamarekani mwaka huohuo waliona kuunga kuna faida kidogo, kwa hiyo mjadala haujafungwa, na kila pingili ina habari yake. Lakini swali ni halali na haligharimu kitu.

Hapana_Longolongo:
Samahani nawakatisha. Mimi naona chai. Uzi umeanza na "daktari anasema", sasa madaktari ni wawili. Dawa zilikuwa za kawaida, ghafla miaka minne ya vidonge. Akaunti ina wiki mbili. Jeki inayopandishwa kwa bisibisi ndani ya mgongo wa binadamu. Subirini, post inayofuata ni namba ya simu ya kutuma mchango. Mwaka jana hapahapa kulikuwa na uzi wa mtoto wa moyo, nilituma elfu thelathini nikiwa nimekopa, na mtoto hakuwahi kuwepo. Siombi radhi kwa kuuliza.

Raha_Tupu:
Chai ya tangawizi, nasubiri vitumbua vya mama.

Mwana_wa_Mabawa:
Sijaomba hata shilingi ya mtu na sitaomba. Hela ipo. Niliuza ekari mbili za machungwa Muheza ndipo nikatanguliza malipo. Akaunti nilifungua kwa ajili ya hili tu. Kama mtu anataka kuamini natunga maumivu ya mama yangu, aamini.

Hapana_Longolongo:
Machungwa ya nani? Mara ya kwanza kutajwa.

Nesi_Mstaafu:
Longolongo, elfu thelathini yako iliniuma hata mimi niliposoma. Lakini rudi juu kabisa, kwenye baiskeli.

Mtu ambaye njia yake ya mishipa imebanwa kiunoni akisimama wima inabana zaidi, akiinama mbele inafunguka kidogo. Ndiyo maana anatafuta kibaraza akae, na ndiyo maana akiiinamia baiskeli anafika sokoni. Nimewaona wagonjwa wa hivyo wengi, na hapa Tanga kila nyumba ina baiskeli, karibu wote waligundua wenyewe. Huyu ndugu ameiandika kama kitu cha ajabu, hajui kwamba ni dalili. Mtunga hadithi angeandika maumivu makali, asingeandika baiskeli.

Jeki_na_Spana:
Na vifaa hivyo vipo, shemeji wangu aliwahi kunionyesha picha. Bisibisi na kila kitu.

Hapana_Longolongo:
Sawa. Kwa baiskeli nakubali. Mkuu, nisamehe kwa mama. Kwa machungwa bado nauliza.

Bibi_Chumbageni:
Na mimi nauliza. Mwanangu, lile shamba ni la baba yako? Mko wangapi?

Mwana_wa_Mabawa:
Shikamoo bibi. La baba, ndiyo. Tuko watatu. Mdogo wangu yuko Kahama, alikubali kwa simu. Dada yetu mkubwa yuko Korogwe, sijamwambia. Angesema tusubiri kama daktari wa kwanza. Nilipanga mama akishatembea nimwambie, asingekuwa na la kusema.

Bibi_Chumbageni:
Marahaba. Mirathi haiuzwi kwa kunong'ona. Mungu ameweka fungu la dada yako mahali pake, hukuliweka wewe. Na mama mwenyewe, umemuuliza anataka nini? Au naye unamtolea tu taarifa?

Mzee_wa_Handeni:
Bado nasema mkandaji.

Nesi_Mstaafu:
Mzee wangu, kwa heshima zote, mgongo huo asiuguse mtu kwa nguvu mpaka upimwe.

Na wewe kijana, kuna dalili moja haisubiri kipimo wala mirathi. Akishindwa kukojoa, au akijikojolea bila kujua, au akifa ganzi pale anapokalia, au mguu ukianza kulegea, usingoje kuche. Hospitali usiku huohuo. Hizo zipo?

Mwana_wa_Mabawa:
Hazipo. Nimemuuliza sasa hivi, akashangaa namuuliza maswali gani haya.

*

Mwana_wa_Mabawa:
Wakuu nimerudi, siku mbili zimepita.

Nimempigia daktari wa pili, nimemweleza yote, vidonge, mkono, daktari wa kwanza. Alinyamaza muda mrefu nikajua amekata simu. Halafu akauliza ni miligramu ngapi kwa siku. Miaka minne nanunua mimi, sikujua. Nikaenda na simu mpaka kwenye kabati la vyombo nikamsomea pakiti: tano, anakunywa viwili asubuhi. Akasema tarehe imefutwa. Mama apimwe ujazo wa mfupa kwanza, aonwe na daktari wa magonjwa ya ndani apangiwe namna ya kuvipunguza, aanzishiwe dawa za mifupa ikibidi. Hela niliyotanguliza imebaki kwao, amesema ataniandikia. Suala la keji amesema hataki kulisikia kwa sasa, lakini la kufungua njia tu bila kuunga atalitazama upya na picha zake.

Bibi, nimemuuliza mama pia. Nilidhani atasema anataka kusali amesimama. Akasema kusali kwenye kiti ameshazoea, Mungu anamwona. Anataka kulala upande wa kulia usiku mmoja, na asiamke akiwa mzigo kwa mtu. Akauliza machungwa ya msimu huu yamevunwa lini, mbona hayajaletwa. Sikumjibu.

Nesi_Mstaafu:
Umefanya vyema. Mpe mto katikati ya magoti akilala ubavu, mtafute upande unaompa nafuu. Na baiskeli msimnyang'anye, ila breki zikaguliwe, kuanguka ndiko tunakokuogopa.

Bibi_Chumbageni:
Dada yako umempigia?

Mwana_wa_Mabawa:
Bado, bibi.

Bibi_Chumbageni:
Mpigie leo, kabla ya Magharibi.